"Mimi sikutahirisha yaya," baba aliniambia mbele ya wageni

*Mzee wetu wa safu, shikamoo.*

Nina umri wa miaka 28, ni muuguzi katika hospitali moja hapa Eldoret, na kwetu ni Bungoma. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza mwaka jana. Yeye ni mhasibu, na mshahara wake unazidi wangu. Jambo hilo halikuwahi kuleta neno kati yetu mpaka Desemba.

Nilitahiriwa Agosti 2010 nikiwa na miaka 13. Nilipiga njuga nikizunguka kwa jamaa, nikaenda kwa wajomba, alfajiri nikapakwa tope mtoni, nikarudi uani kwa baba nikasimama. Sikupepesa jicho. Baba alifanya kazi Nairobi kwa miaka mingi sisi tukiwa nyumbani na mama, kwa hiyo hatukuzoeana sana. Lakini asubuhi ile alinishika bega mbele ya ukoo mzima. Tangu siku hiyo nilijua mimi ni nani. Mwanamume hulisha watu wake, ndiye anayeamua, halii, na jikoni si kwake. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilipochagua uuguzi baba alinyamaza kwa muda, kisha akaanza kuwaambia watu kwamba mimi ni daktari.

Desemba tulienda nyumbani. Mke wangu akashikwa na homa kali. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso nikaenda bombani kufua nepi, kama ninavyofanya siku zote huku Eldoret. Baba alikuwa ameketi na wageni chini ya mwembe. Akasema kwa sauti, "Mimi sikutahirisha yaya." Wakacheka. Sikujibu. Nilimfungua mtoto nikampelekea mama.

Tuliporudi nilijiunga na kundi moja la WhatsApp linalofundisha uanaume. Nikaweka sheria nyumbani. Mshahara wa mke upitie kwangu. Mimi sishiki tena sufuria wala nepi. Mwaka ukiisha aache kazi. Nimechukua mkopo wa sacco ili nijenge nyumba ya mawe kwetu kabla ya Agosti, na katika pesa hizo hizo nitoe fahali, kwa sababu mwaka huu mtoto wa dada yangu anatahiriwa na mimi ndiye mjomba. Mkopo huo mke wangu haujui.

Mzee, siku hizi nikimgeuza mgonjwa wodini au kumbadilisha shuka, nasikia kile kicheko. Usiku mtoto akilia, mikono yangu inataka kumchukua, lakini ninabaki nimelala nimefumba macho kwa nguvu. Mke hagombi. Ananijibu kama mtu anavyomjibu bosi wake.

Ni yupi mwanamume wa kweli, yule aliyesimama uani mwaka 2010 au yule aliyekuwa akifua nepi bombani? Kundini wanasema huyu wa pili ni dhaifu. Mke wangu anasema huyo ndiye aliyekubali kuolewa naye. Na huyu mpwa wangu, nitamwambia nini siku nitakapomvisha nyama shingoni?

*Muuguzi, Eldoret*

Marahaba, mwanangu.

Kuna jambo katika barua yako ambalo umelipita haraka. Kabla ya Desemba ulikuwa ukifua nepi huko Eldoret siku zote, na hukujiona umepungukiwa na kitu. Ulikuwa yule yule wa 2010 aliyesimama bila kupepesa. Watu hawa wawili unaotaka nikuchagulie mmoja walikuwa wakiishi pamoja ndani yako bila ugomvi, wakila sahani moja. Basi swali linalonisumbua mimi ni hili: imekuwaje imani uliyoitembelea miaka kumi na mitano ikaangushwa na sentensi moja chini ya mwembe?

Nadhani ni kwa sababu hukuwahi kuikagua. Ulipewa ukiwa na miaka 13, ukaipokea nzima nzima, na sikulaumu kwa hilo. Mtoto wa miaka 13 anayesubiri kisu hawezi kukaa kitako akachambua falsafa ya ukoo wake. Anachohitaji ni kuambiwa wazi wewe ni nani na simama wapi, na wazee wako walikufanyia hisani kukuambia.

Waliosomea mambo haya wameyaandika vizuri. Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1902, hakumjua baba aliyemzaa. Alikua akiitwa kwa jina la baba wa kambo, Homburger, na alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajichagulia jina la Erikson. Haishangazi kwamba mtu huyo ndiye aliyejitolea kuuliza kijana anafikaje mahali pa kusema "huyu ndiye mimi". Jibu lake lilikuwa kwamba kuna wakati kijana hurudi kwenye yote aliyopewa utotoni, akabaki na mengine na kuyaacha mengine, kisha akayaunga na yale aliyoyapata mwenyewe ukubwani.

Mwaka 1966 James Marcia akaichukua hoja hiyo na kuwahoji wanafunzi 86 wa chuo, wote wanaume, kuhusu kazi walizotaka na imani walizoshika. Alitaka kujua mambo mawili tu. Umewahi kutilia shaka na kutafuta? Na je, sasa una msimamo? Wengine walikuwa wametafuta na kufika. Wengine walikuwa bado katikati ya kutafuta, wanahangaika. Wengine hawakutafuta wala hawakuwa na msimamo. Na walikuwepo wenye msimamo mgumu sana ambao hawakuwahi kuutilia shaka hata siku moja. Mipango na maoni waliyokua nayo yalibaki vile vile, hayajaguswa. Hao wa mwisho walipopewa majaribio walijiwekea malengo makubwa yasiyolingana na uwezo wao, na kuliko wenzao walipenda maadili ya amri na utii.

Nataka usome tena aya yako ya sheria na mkopo ukikumbuka hilo. Nyumba ya mawe kabla ya Agosti, fahali katika mkopo huo huo, na mke mwenye mshahara mkubwa kuliko wako aache kazi mwaka huo huo. Wale walikuwa vijana wa Marekani wa miaka ya sitini, hawakuwa Wabukusu kama wewe, na sidai kwamba Marcia alikuandika wewe. Lakini sura yako naiona humo.

Hivi sasa, kwa maoni yangu, umetoka kwa hao wa mwisho na umeingia kwa wanaohangaika. Ndiyo maana usiku mikono yako inataka jambo moja na macho yako yamefumbwa kwa ajili ya jambo jingine. Kunauma kukaa hapo. Na ni kwa sababu ya maumivu hayo kundi lile la WhatsApp limekupata kwa urahisi: wamekuja na jibu lililokwisha kupikwa, wakakuambia hakuna haja ya kutafuta. Umeiweka chini orodha ya baba yako na kuchukua ya watu usiowajua, na zote mbili hukuziuliza swali. Angalau baba yako unaijua sauti yake, na ulikula jasho lake.

Nikae kidogo kwenye kundi hilo, maana linanikera. Mwaka 2008 watafiti wa Florida, Joseph Vandello, Jennifer Bosson na wenzao, walionyesha kwamba watu wengi huuona uanaume kama kitu cha kupatikana kwa jasho na kinachoweza kupotea upesi, na hawauoni uanamke hivyo. Mwaka uliofuata Bosson na wenzake wakafanya jaribio ambalo silisahau. Wanaume wengine walipewa nywele wasuke, wengine wakapewa kamba wasuke, kazi ya vidole ile ile. Kisha wakaambiwa wachague, kufumbua fumbo au kupiga gunia la ngumi. Waliosuka nywele ndio waliochagua zaidi kupiga ngumi. Wewe ulikutwa na nepi mkononi, ukaondoka pale ukitafuta pa kupiga. Hujamwinulia mkeo mkono, na ninashukuru. Lakini sheria zile zote zimemwangukia yeye, na yeye hakuwa miongoni mwa waliocheka.

Sasa angalia mila yako inasemaje kuhusu uanaume unaopotea. Kwenu mtu hatahiriwi mara mbili. Aliyesimama amesimama, ana rika lake, ana bakoki wake aliotahiriwa nao, na hakuna kikao cha wazee chenye uwezo wa kumrudisha utotoni kwa sababu ya leso mgongoni. Baba yako alitaka kuchekesha wageni, akakuumiza. Hana, wala hakuwahi kuwa na, kisu cha kuondoa alichokupa. Hofu kwamba uanaume unaweza kukuponyoka kila asubuhi usipoulinda haikutoka mtoni ulikopakwa tope. Umeisoma kwenye simu, kwa watu wanaotaka uifungue simu hiyo tena kesho.

Na kuna Mango. Huwezi kuwa mtoto wa Bungoma usiijue hadithi yake. Nyoka mkubwa alikuwa akiwaua watu na mifugo, na majirani waliokuwa wakitahiri, wale Wabukusu wanaowaita Barwa, waliwadharau Wabukusu. Mango akaingia pangoni mwa nyoka na kumuua. Ndipo wakamtahiri. Utaratibu wa hadithi hiyo ndio ninaotaka uutazame: tendo lilitangulia, kisu kikafuata. Alikuwa amekwisha kuwa mwanamume kwa kuwaondolea watu wake kifo, na tohara ikaja kulitambua hilo. Wazee wa kwenu hawakusimulia habari ya mtu aliyekaa chini akihesabu nani anamheshimu. Mke wako alikuwa na homa, mtoto wako alikuwa na nepi chafu, ukasimama ukawashughulikia wote wawili mbele ya watu. Sioni ulichopotoka hapo katika njia ya Mango.

Halafu hii kwamba mwanamume ni mshahara, na mke akipata zaidi basi nyumba imepinduka. Watu huiita mila, nami nakataa. Mwaka 1895 babu zenu walipigana na Waingereza kwenye ngome za Lumboka na Chetambe, na hakuna aliyekuwa na mshahara. Fahari yao ilikuwa ng'ombe, ngome na watoto, na mwanamke ndiye aliyelima na kuijua ghala. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaja kodi ya nyumba, wanaume wakasukumwa kwenye mashamba ya walowezi huko Trans Nzoia na Uasin Gishu wakatafute shilingi ya kulipa. Kutoka hapo ndipo mwanamume akawa mtu anayeondoka na kurudi na pesa, na watoto wakawa na baba wa kuonekana kwa likizo. Baba yako ni mrithi wa historia hiyo. Aliporudi kutoka Nairobi alirudi na mahitaji ya nyumba, na hicho ndicho kipimo pekee alichoruhusiwa kujipimia.

Ndiyo maana sitaki umchukie. Jiulize alikuwa wapi ulipokuwa na umri wa mwanao. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa wewe wiki mbili za likizo yenye malipo kamili mkeo akijifungua. Wewe ulizaliwa kabla ya sheria hiyo. Inawezekana mzee huyu hajawahi kukaa na mtoto mchanga siku kadhaa mfululizo, na alipokuona umembeba wako kwa leso, kwa raha, aliona kitu ambacho yeye hakukipata na hana jina la kukiita. Na huko Nairobi alikoishi peke yake, nani alimfulia shati? Nani alimkorogea ugali?

Swali hilo kamuulize, lakini kwa adabu na kwa njia yake. Usimpigie simu. Kama una baba mdogo anayesikilizwa naye, mweleze kwanza, muende pamoja, wageni wasiwepo. Usianze na Desemba. Anza na Nairobi: alilala wapi, alikula nini, alipougua nani alimhudumia. Wazee wengi hawajawahi kuulizwa mambo hayo na watoto wao wa kiume. Akishazungumza, mwambie kwa sentensi moja kwamba maneno yale yalikuumiza na kwamba utaendelea kumbeba mtoto wako. Huenda asiombe radhi. Wengine wa rika lake huomba radhi kwa kuchinja kuku, na ukiona kuku, elewa.

Lakini kabla ya baba kuna mke, na hilo lisingoje. Mwambie habari ya mkopo leo. Mwambie kiasi na mwambie muda, kisha nyamaza asikike yeye. Sheria ya mshahara na ile ya kuacha kazi ziondoe kwa kinywa kile kile kilichoziweka. Usimpe hotuba ya kwamba unajitafuta, amekwisha kuona. Na usiku mtoto akilia, mchukue. Hapo hakuna la kujadili.

Orodha yako ya 2010 sikuambii uitupe. Ichukue kipengele kimoja kimoja, hata kwa kalamu, na ujiulize kimekufaa wapi na kimeumiza nani. Kusimama bila kupepesa kumekufaa: sidhani kuna muuguzi anayemaliza zamu ya usiku katika wodi iliyojaa bila kitu kama hicho, na wewe ulikipata uani kwa baba. Kishike. Kulisha watu wako nako kishike, ila ukubali kwamba kijiko cha uji ni kulisha pia. Kuamua peke yako kumekuletea mkopo wa siri. Kutolia sijui, wewe ndiye unayejua umemeza nini tangu Desemba. Utakachobaki nacho mwishoni kitakuwa chako kwa namna ambayo hakikuwa ulipokuwa na miaka 13, na mtu akikicheka utaumia, lakini hutahitaji kwenda kutunga sheria.

Kundi hilo toka. Kama unahitaji kuzungumza na wanaume, na naona unahitaji, watafute bakoki wako. Wengi wana watoto sasa. Mketi wawili watatu, uwaulize wao wanafanyaje usiku. Na usingizi ukizidi kukukimbia, hospitalini kwenu kuna mshauri nasaha. Ungemwelekeza mgonjwa wako kwake, kwa hiyo nenda nawe.

Nyumba ya mawe isimamishe kwenye msingi. Msingi haukimbii. Nenda kwa afisa wa mikopo wa sacco kabla ya kuchelewesha malipo, mpange upya awamu, na mkeo awepo. Kuwa na mhasibu ndani ya nyumba ni neema, itumie. Fahali ni wajibu wako kama mjomba na sikuambii uukimbie, lakini ndugu na binamu zako nao ni wajomba wa huyo mtoto. Waite mchange.

Sasa mpwa wako. Siku utakapomvisha luliki, ile nyama ya mjomba, shingoni atakuwa anatetemeka ndani kwa ndani, na hatasikia maneno mengi. Mwambie asimame, na kwamba kusimama huko ni kwa asubuhi moja, watu wote wataona na litakuwa limekwisha. Mwambie kwamba baadaye, akiwa na swali lolote kuhusu kuwa mwanamume, hata lile analoliona la aibu, mlango wako ni wake. Hadithi ya Mango msimulie kabla ya siku hiyo, taratibu, mpaka mwisho.

Na kuna la kumfanyia ambalo wajomba wengine hawaliwezi. Kaa na dada yako na shemeji yako mapema mhakikishe mtoto amepata chanjo ya pepopunda. Zungumza na ngariba ajue kwamba kila mtoto atakuwa na kisu chake kilichotakaswa, na kama familia itaamua apelekwe kliniki, uwe wewe wa kuwatuliza wazee watakaonung'unika. Kidonda kifunge wewe, na urudi kukiangalia kila siku mpaka kipone. Beba glavu na bandeji za kutosha. Agosti hiyo watoto wa majirani nao watakuwa wengi.